Boriti Kumi na Nne

Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, ukiuona kwa nje huwezi kuudhania kitu. Paa la bati, kuta nyeupe, viatu mlangoni. Ndani, kwenye kibla, ndipo utakapoona maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yaliyochongwa kwenye mawe, na tarehe yake: mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Sehemu kubwa ya kuta ilijengwa upya karne ya 18, lakini mihrabu imebaki, na Ijumaa watu wanaswali mbele yake kama kawaida. Ukitoka nje unaiona bahari ya Menai, ambayo imekuwa eneo la hifadhi tangu 1997.

Sasa ulinganishe na Ras Mkumbuu, Pemba. Pale pia palikuwa na msikiti mkubwa wa mawe na makaburi ya nguzo. Leo ni magofu. Hakuna anayeswali, basi hakuna anayelowa paa likivuja, na asiyelowa hachangi bati. Nimekuwa nikisema maneno haya kwenye baraza kwa miaka na watu wananikubalia haraka mno, hata nimeanza kuyatilia shaka. Kweli jengo lenye kazi hudumu zaidi. Lakini kazi peke yake haishiki dari.

Wanaopenda mambo haya watakutajia kisiwa cha Chumbe, na mimi nitakubali. Mnara wa taa wa mwaka 1904 ungali unaviongoza vyombo vinavyoingia Unguja. Nyumba ya mlinzi wa taa, iliyokuwa imekwisha kuwa gofu, ikafufuliwa ikawa mahali pa kupokelea wageni, na baadhi ya walinzi wa miamba ya matumbawe ya kisiwa hicho ni watu waliokuwa wavuvi. Msitu, matumbawe na jengo vinatunzwa chini ya mkono mmoja. Ni mfano mzuri, ila ni kisiwa kidogo chenye wageni wanaolipa. Kijijini kwetu wageni hawalali.

Kwetu ni upande wa Ghuba ya Chwaka. Tuna nyumba ya ukoo ya mawe, na miaka michache nyuma dari ya ukumbi ilianza kubonyea. Tukamwita fundi mmoja mzee, wa mwisho mwisho katika watu wanaoijua kazi ile. Akaingia, akatazama juu, akagongagonga kwa fimbo, akahesabu. "Boriti kumi na nne," akasema. "Za mkoko, zilizonyooka. Na chokaa, si saruji."

Hapo ndipo ilipoanza shida. Wasomaji wa Mji Mkongwe wanajua kwa nini vyumba vya zamani ni vyembamba na virefu: upana wa chumba ni urefu wa boriti, na boriti haizidi urefu ambao mkoko umeamua kukua. Nyumba zetu zimepimwa na mti. Juu ya boriti hupangwa mawe, juu ya mawe hulazwa zege la chokaa, kisha watu hukaa wakaliponda kwa vipande vya miti, huku wakiimba, mpaka linashikana. Chokaa yenyewe ni mawe ya matumbawe yaliyochomwa kwenye tanuu kwa magogo mengi, ikazimwa kwa maji na kulazwa shimoni miezi kadhaa.

Kila kitu katika orodha hiyo leo ni shughuli. Mikoko ya ghuba yetu imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa 2004. Kukata ni kosa, na sitaki kusikia mtu akisema hifadhi ile ni ya bure. Bila ya hiyo, kima punju tungewaona kwenye picha tu, na kamba na samaki wachanga wangekosa pa kujificha. Lakini tulipokwenda kuuliza kama kuna njia ya kupata boriti kumi na nne kwa nyumba ya miaka mingi, tulizungushwa meza hadi meza, na mwisho tukaambiwa tumwage zege la kisasa tu, ndiyo rahisi.

Tukamwaga. Kuta zikapakwa saruji pia, ati zifanane. Fundi alipopita akasimama nje tu. "Mwanangu, mmeivisha nguo ya mpira. Jasho litatokea wapi?" Masika ya pili unyevu ulipanda ukutani mpaka usawa wa kifua, plasta ikaanza kubanduka na vipande vya jiwe nyuma yake. Jiwe la matumbawe hunywa maji na kuyatoa. Chokaa humwachia apumue, saruji humziba.

Kwa hiyo ninalolalamikia si hifadhi. Nalalamikia kwamba tunauhifadhi msitu kana kwamba nyumba hazikutoka humo, na tunazihifadhi nyumba kana kwamba zilijengwa kwa maneno ya semina. Vijiji vinavyoizunguka Jozani vina kamati zao za hifadhi, na watu wake wanaijua mikoko shina kwa shina. Kuna ugumu gani kutenga kipande, kwa hesabu na kwa zamu, ambacho boriti zake zitakwenda kwenye ukarabati wa majengo ya kale tu, si kuuzwa? Kuni za tanuu zitoke kwenye mivinje, ambayo watu tayari wanaipanda mashambani kwao. Na chokaa ichomwe ya jiwe la nchi kavu, lisiguswe tumbawe lililo hai.

Atakuja mtu aseme mlango ukifunguliwa kidogo utavunjwa wote. Hofu hiyo naielewa, nimeziona boriti za magendo. Lakini Beit al-Ajaib ya Mji Mkongwe, jengo la Seyyid Barghash la 1883, liliporomoka Disemba 25, 2020 likiwa katikati ya matengenezo, na likaua watu wawili waliokuwa kazini. Siwezi kusema lilianguka kwa kukosa boriti. Nasema tu kwamba majengo haya hayasubiri mpaka tumalize kuogopa.

Yule fundi bado yupo. Anafundisha wajukuu wawili, mmoja wao msichana, kuzima chokaa kwenye pipa uani kwake. Wiki iliyopita aliniuliza kama tumepata kibali. Nikamwambia bado. Akaniambia mwaka huu nimuulizie boriti kumi na sita, maana za ushoroba nazo zimeanza kulia.