Uyoga juani: faida ya mpishi, hasara ya mkulima

Mama wa Kakamega anayeanika obwoba, yaani uyoga, kwenye uteo hafikirii vitamini. Anataka tu uyoga wa msimu wa mvua umfikishe kiangazi. Ila jua lile linafanya kazi nyingine kimyakimya. Ndani ya uyoga mna kemikali iitwayo ergosteroli, na ikipigwa na miale ya jua isiyoonekana, urujuanimno wa aina ya B, hugeuka kuwa vitamini D2, aina mojawapo ya vitamini D inayosaidia mifupa. Uyoga uliokuzwa gizani, kama ule wa vikasha madukani Nakuru, una D kidogo mno mpaka utolewe nje.

Ndiyo maana wazo la kuuza uyoga "ulioota jua" linavutia. Majaribio yameonyesha kwamba gramu 100 za uyoga mbichi zikiwekwa kwenye jua la mchana, kuanzia dakika 15 hadi saa mbili, mara nyingi hupata zaidi ya mikrogramu 10 za D2. Mtu mzima anashauriwa kupata takriban 15 kwa siku. Na Kisumu, iliyo karibu kabisa na ikweta, haina majira ya baridi ya kuipokonya miale hiyo kama ilivyo Ulaya.

Lakini muulize mkulima. Uyoga ni maji, karibu asilimia 90. Ukiuanika unanyauka, unabadilika rangi na kupungua uzito, naye anauza kwa kilo! Akiukinga vumbi kwa kioo, miale inayotakiwa inabaki nje. Vitamini yenyewe hupungua kadiri uyoga unavyokaa, na mnunuzi hana namna ya kuithibitisha kwa macho. Kwa maoni yangu, kazi hii si ya shambani, ni ya jikoni: katakata uyoga, uanike nusu saa mchana kabla ya kuupika, kisha uukaange kwa mafuta kidogo. D haiyeyuki majini, na sehemu kubwa huvumilia moto. Sumu ya uyoga wa porini, hata hivyo, haiondolewi na jua.

Kuna pingamizi zito zaidi. Jua linaloufikia uyoga linaufikia pia mkono wa anayeuanika, na ngozi hujitengenezea D3, aina nyingine ya vitamini D, ambayo hudumu mwilini kuliko D2. Wanaokosa jua hilo ni bawabu wa usiku anayelala mchana, karani wa ofisini, na mtoto mchanga anayefunikwa mablanketi kwa baridi ya Nakuru. Huyo wa mwisho hata meno hana. Uyoga utamfaa nini? Isitoshe, matege ya watoto Afrika mara nyingi hayatokani na uhaba wa D bali wa kalisi (kalsiamu), ambayo uyoga hauna nyingi. Omena, dagaa wa ziwani anayeliwa mzima na mifupa yake, anayo.

Kwa hiyo mezani Kisumu omena anashinda bila jasho. Kwa bawabu asiyekula samaki hesabu ni nyingine, mradi nyumbani awepo mtu wa kuanika uyoga yeye akiwa amelala.