Barabara ya jimboni na mgodi wa Buzwagi

Asubuhi, Dodoma, kipindi cha maswali. Mbunge anasimama: ni lini Serikali itajenga kwa kiwango cha lami barabara fulani jimboni kwake? Naibu Waziri anajibu kwamba Serikali inatambua umuhimu wa barabara hiyo, na itajengwa kadiri fedha zitakavyopatikana. Yanafuata maswali mawili ya nyongeza, na jioni video iko kwenye magrupu ya WhatsApp ya jimbo zima.

Ni rahisi kumcheka mbunge anayeulizia barabara ya jimbo lake badala ya mambo ya taifa. Lakini aliyempakia mjamzito kwenye bodaboda na kukwama topeni hana pengine pa kulifikisha lake. Na jibu la waziri likishaingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, mwakani anaweza kusomewa.

Wapo waliochagua njia nyingine. Agosti 2007 Zitto Kabwe, mbunge wa Kigoma Kaskazini, alisimamishwa kuhudhuria Bunge baada ya kuleta hoja kuhusu mkataba wa mgodi wa Buzwagi, uliosainiwa London na Waziri Nazir Karamagi. Buzwagi iko Kahama. Mvuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika angekuwa na haki ya kuuliza: sisi inatuhusu nini? Hata hivyo Rais Kikwete alimteua kwenye kamati ya Jaji Bomani iliyopitia sekta ya madini, na 2010 jimbo likamrudisha.

Jirani yake wa Kigoma Kusini, David Kafulila, hakuwa na bahati hiyo. Alilivalia njuga sakata la Tegeta Escrow, la mabilioni yaliyochotwa kwenye akaunti iliyokuwa Benki Kuu, mwaka 2014 mpaka vigogo wakaachia ngazi; 2015 akatangazwa kushindwa, akaenda mahakamani, akagonga mwamba. Sisemi Escrow ndiyo iliyomponza, uchaguzi una mengi. Ila haikumwokoa.

Binafsi naona kutenganisha jimbo na taifa ni kujidanganya, maana lami hutoka kwenye mfuko uleule unaovuja kwa mikataba mibovu. Kipimo changu ni kimoja: bajeti inapofika Kamati ya Matumizi, Bunge zima likiipitia kifungu kwa kifungu, mbunge anashika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani anatoa hoja ya kuupunguza kwa shilingi moja, mpaka apate maelezo? Wengi hushika. Waziri husimama, huahidi kulifanyia kazi, wenzake wa chama humtupia jicho, na shilingi hurudi kabla hata hajaulizwa fedha za barabara ziko kifungu gani.