Usingizi wa Wanaoishi na VVU Visiwani: Dawa au Dhiki?

Wanaoishi na VVU Zanzibar hawafiki asilimia 1 ya watu wazima, na uchache huo una uchungu wake, kwa kuwa mwenye virusi hujiona yuko peke yake mtaa mzima. Akilalamika kwamba halali, hujibiwa kwa namna mbili.

Wapo wanaoitupia lawama dawa, na hawasemi ovyo. Kwa miaka mingi wagonjwa walimeza efavirenz, iliyodhibiti virusi vizuri lakini ikawaletea wengi kizunguzungu na ndoto za kutisha. Waliagizwa waimeze wakati wa kulala ili kizunguzungu kiwapitie wakiwa usingizini. Mtu akishtuka kwa ukelele saa 9 usiku katika nyumba ya Wete, Pemba, nani atafikiria kidonge? Ataandikiwa kombe, yaani aya za Kurani kwa zafarani zinazooshwa kwa maji, alinywe, na chupa ya dawa ibaki imefichwa chini ya nguo kabatini. Dolutegravir, iliyoanza kutumika Tanzania mwaka 2019, huvumilika zaidi, ingawa nayo huwanyima baadhi ya watu usingizi.

Wengine husema kinachomkesha mgonjwa ni dhiki. Sonona huwapata wanaoishi na VVU zaidi kuliko wenzao, na kukosa usingizi ni dalili yake mojawapo. Mke ambaye hajamwambia mumewe hatalala kwa kubadilishiwa kidonge. Hoja hii naiona nzito zaidi, ila ikishikwa peke yake mgonjwa huambiwa “usifikiri sana” na kurudishwa nyumbani na dawa ileile, saa ileile.

Na saa ndiyo inayoziunganisha hoja hizi mbili. Anayeishi kwa siri hachagui saa ya kumeza dawa kwa kuangalia usingizi wake. Huchagua saa isiyo na macho ya watu, na katika nyumba yenye mawifi na watoto saa hiyo ni usiku. Dolutegravir yaweza kumezwa asubuhi, na anayekosa usingizi hushauriwa hivyo. Lakini asubuhi jikoni pamejaa watu, na vidonge vikigonga chupa tu maswali yameanza. Ukifika Ramadhani, kidonge huhamia futari au daku, na usingizi wenyewe umeshakatwa vipande.

Kuna wanaotaka kila mwenye dalili za sonona apewe rufaa kwa wataalamu wa Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoko Unguja. Kwa aliyezidiwa, sawa. Kwa wengine ni kumwongezea aibu ya pili juu ya ile anayoificha, na kwa mtu wa Micheweni, Pemba, kuna bahari katikati. Muuguzi wa CTC, kliniki ya matunzo na tiba ya VVU, hata akiwa na foleni, anaweza kuanza kwa maswali mawili: unakimeza saa ngapi, na nani huwa yupo chumbani?