Kamanda asishike mizani: haki ya mwanajeshi kujitetea

Wanaotetea mahakama za kijeshi wana hoja nzito. Jeshi lina makosa ambayo uraiani hayapo: kukataa amri halali, kutoroka kikosini, kulala lindoni. Yakitokea meli ikiwa katikati ya bahari, hakuna mahakama ya kawaida ya kukimbilia. Na askari wakifa kwa uzembe wa mwenzao, anayeulizwa ni kamanda, kwa hiyo lazima awe na nguvu ya kusimamisha nidhamu. Hilo nalikubali. Ninachopinga ni kamanda huyohuyo kuongoza mwenendo wa kesi ambayo mwisho wake unaweza kuwa kifungo.

Tuangalie Marekani, ambako mambo haya yamebishaniwa kwa miaka mingi. Sheria yake ya kijeshi ya 1950 ilimpa mwanajeshi kinga ambayo raia waliisubiri hadi hukumu ya Mahakama ya Juu katika kesi ya Miranda ya 1966. Anayeshukiwa asihojiwe kabla hajaambiwa anatuhumiwa nini, kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba atakalosema laweza kutumika dhidi yake. Kwa mwanajeshi onyo hilo halisubiri akamatwe.

Sababu yake ni cheo. Kuruta hufundishwa tangu anapoingia kambini kwamba mkubwa akiuliza, anajibiwa papo hapo. Sajenti akimwita pembeni na kumwambia, "Hebu nieleze ilikuwaje, tuyamalize hapahapa," kijana hasikii swali, anasikia amri. Ataeleza, ataandika, atatia saini. Atakapokutana na wakili, karatasi ile imeshaingia kwenye jalada. Wakili anaweza kuiomba mahakama iyakatae maelezo yaliyochukuliwa bila onyo, lakini kama kijana alionywa na bado akazungumza, utetezi umeanza ukiwa nyuma. Ndiyo maana nasema haki ya kunyamaza ndiyo kubwa kuliko zote kwa mwanajeshi, na ndiyo ngumu zaidi kuitumia. Kumjibu afande kwa heshima, "Naomba kwanza nionane na wakili," kunahitaji moyo.

Wakili mwenyewe yupo, tena bure. Raia wa Marekani hupewa wakili wa serikali akionekana hana uwezo wa kulipa. Mwanajeshi anayefikishwa mbele ya mahakama kuu ya kijeshi, ile ya kesi nzito, hupewa bila kuulizwa mshahara wake, na akitaka wa uraiani anaweza kumkodi kwa fedha zake. Hapo jeshi limewashinda raia, na wakosoaji wangetenda haki kulisema.

Udhaifu uko kwa wanaoamua kesi. Kwa miongo mingi kamanda aliyeitisha mahakama ndiye aliyeteua wajumbe wake, yaani wapiga kura wa hatia, maofisa ambao mara nyingi wako chini yake. Uingereza ilikuwa na utaratibu wa namna hiyo hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilipotoa uamuzi katika kesi ya Findlay mwaka 1997. Findlay alikuwa mwanajeshi aliyepigana vita vya Falklands, na ofisa aliyeitisha mahakama yake ndiye aliyewateua wajumbe, na hukumu haikuwa na nguvu hadi aithibitishe yeye. Mahakama ilisema hapo hapakuwa na uhuru wala kutopendelea. Mahakama ya Juu ya Kanada ilikuwa imeshafikia msimamo wa karibu na huo mwaka 1992, katika kesi ya Généreux.

Marekani imekwenda polepole. Tangu mwishoni mwa 2023, uamuzi wa kushtaki makosa mazito kama mauaji na ubakaji uko kwa waendesha mashtaka maalumu walio nje ya mnyororo wa makamanda. Lakini kura bado ina utata. Katika kesi isiyo ya adhabu ya kifo, wajumbe sita kati ya wanane wanatosha kumtia mtu hatiani, ilhali raia hahukumiwi bila kauli moja ya baraza zima la raia wanaoamua kesi (jury). Watetezi wa utaratibu huu wana jibu: zikikosekana kura hizo sita, mshtakiwa anaachiwa moja kwa moja, hakuna baraza kukwama wala kesi kurudiwa. Ni faida ya kweli. Hata hivyo sioni kwa nini anayeilinda katiba apate ulinzi mdogo kuliko anaowalinda.

Wako wanaotaka mahakama hizi zifutwe kabisa. Ujerumani huwapeleka wanajeshi wake mahakama za kawaida kwa makosa ya jinai, na jeshi lake halijasambaratika. Mimi sifiki huko. Jaji aliye huru, anayejua maisha ya kambini, ana thamani yake.

Kinachonisumbua zaidi ni yale yasiyofika mahakamani. Mwanajeshi wa Marekani anayepewa adhabu ndogo na kamanda wake anaweza kuikataa na kudai kesi, isipokuwa akiwa melini. Lakini akiondolewa jeshini kiutawala, kipimo cha ushahidi hushuka: inatosha tuhuma ionekane ina uwezekano mkubwa wa kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli. Askari wa kawaida mwenye utumishi chini ya miaka sita mara nyingi hana hata haki ya kusikilizwa na bodi, labda kama anaachishwa kwa sifa mbaya. Hafungwi, ni kweli. Anapoteza kazi, na aina ya cheti cha kuachishwa anachopewa inaweza kumnyima mafao na kumfungia milango ya waajiri. Mabadiliko yajayo yaanzie hapo: bodi kwa kila anayeondolewa kwa tuhuma, na wakili kabla hajatia saini chochote.