IST na BMW kwa bei moja: nani anakula hela zaidi?

Toyota IST ya 2005 na BMW 320i ya 2008 zikitangazwa kwa bei zinazokaribiana, wapenda magari wa Dar es Salaam hawaachi kubishana. Kambi ya kwanza inasema chukua IST ulale usingizi. Ya pili inauliza: kama hela ni ileile, kwa nini uendeshe bebi woka, kigari kidogo kama IST, wakati injini ya lita mbili inayosukuma matairi ya nyuma inakusubiri? Moyo wangu uko kambi ya pili. Hesabu zina maneno yake.

Kwanza tujue kwa nini bei zimekaribiana. Kule Japani gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa likifika miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo, wenyewe wanauita shaken, unakuja na kodi, bima na matengenezo kwa mpigo. Gari likizeeka, mwenyewe anaona heri aliuze kuliko kulipitisha tena. Gari la Kijerumani linaumia zaidi, maana matengenezo yake ni ghali hata huko, basi linaanguka bei vibaya. IST tunaigombania sisi wa Afrika Mashariki, na tunaposhindania gari lilelile mnadani tunajipandishia bei wenyewe. Anayenunua IST leo analipia pia sifa iliyojengwa na walionunua kabla yake.

TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, nao hawabagui. Magari yote mawili yamevuka miaka 10, hivyo yanabeba ushuru wa ziada wa uchakavu wa asilimia 30. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, VAT ni 18. Injini ya IST hiyo ni ya cc 1,300 au 1,500, ya 320i ni cc 1,995, na zote zinaangukia ukanda wa cc 1,001 hadi 2,000 ambao ushuru wake wa bidhaa ni asilimia 5. BMW imepenya kwa cc 5 tu! Anayetaka 325i ya lita 2.5 ndiye anayepanda ngazi.

Kwa hiyo hadi gari linatoka bandarini, kambi ya pili haijasema uongo. Tofauti inaanza kwenye pampu ya mafuta. Tufanye lita ni shilingi 3,000, IST inatembea kilomita 12 kwa lita kwenye foleni za mjini na BMW kilomita 8. Kwa kilomita 12,000 za mwaka, IST inakunywa lita 1,000, yaani milioni 3. BMW inakunywa lita 1,500, yaani milioni 4 na nusu. Lakini mwenye kutembea kilomita 5,000 tu kwa mwaka, tofauti yake haifiki hata laki saba. Na tangu bajeti ya 2017 ilipofuta ada ya mwaka ya leseni ya gari na kuongeza shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta, gari lililopaki uani halidaiwi ada hiyo. Anayelipa ni anayetembea. Hoja hii watetezi wa BMW huwa hawaitumii, na ndiyo hoja yao bora.

Spea ndizo zinazowaumbua. Gari limeshuka thamani, spea zake hazijashuka nalo. Zinauzwa kama za gari lililokuwa ghali siku lilipotoka kiwandani. Injini ya N46 iliyomo kwenye 320i ya miaka hiyo ina tabia zake zinazojulikana: gaskit ya kifuniko cha valvu inavujisha oili, sili za valvu zinakauka na injini inaanza kula oili na kutoa moshi wa bluu, na miongozo ya plastiki inayoshikilia cheni ya taiming ndani ya injini inasagika mwenye gari akichelewa kumwaga oili. Chupa ya maji ya rejeta ni ya plastiki, na ikipasuka gari linachemsha. Hata betri haibadilishwi kienyeji, inatakiwa isajiliwe kwenye kompyuta ya gari. Halafu wengi hawaambiwi kwamba gari hili lilitoka kiwandani na tairi zinazotembea hata zikiisha upepo, kwa hiyo halikupewa tairi la akiba. Kwa mashimo ya barabara zetu hiyo ni habari nzito, hasa ukiwa katikati ya Chalinze na Segera saa nne usiku.

IST ikikorofisha, unakwenda Ilala au Kariakoo unachagua: mpya halisi, mpya ya Kichina, au yuzdi iliyotolewa kwenye gari lenzake. Fundi wa chini ya mwembe ameifungua mara nyingi, anaijua. Ukitaka kuiuza, mteja yupo. BMW utaitangaza mpaka uchoke, na kila anayekuja ataanza kwa kukuuliza kama inakula oili.

Ila kambi ya IST nayo ina la kujibu. Imani kwamba "Toyota haifi" imeua Toyota nyingi. Toleo la kwanza la 2002 hadi 2007 lina gia boksi ya kawaida ya gia nne, na hilo ndilo lililojenga sifa. Toleo lililofuata lilikuja na CVT, yaani gia boksi ya mkanda isiyo na gia za kuhesabu, ambayo inadai oili yake maalumu. Fundi akimimina oili ya gia aliyoizoea, gia boksi inaanza kulia na kusita, na bili yake inafanana na za BMW. Mwenye BMW anajua amebeba jukumu, kwa hiyo anahudumia kwa woga. Mwenye IST anapuuzia taa ya injini kwa miezi, maana amesikia gari halina shida. Nimeona IST zinazotumia hela nyingi kwa namna hiyo kuliko magari ya Kijerumani yaliyotunzwa.

Gharama ambayo haionekani kwenye karatasi yoyote ni muda. Spea ya BMW mara nyingine inaagizwa, na gari linalala gereji kwa wiki. Kama ndilo gari pekee la kukupeleka kazini, hizo wiki unazilipia kwa nauli na kwa lawama za bosi.

Hapo ndipo pikipiki inapoingia, tena siyo kwa mzaha. Boxer 150 ni injini ya cc 145 inayopozwa na upepo, kitu ambacho fundi yeyote anakishusha asubuhi na kukirudisha mchana. Tuseme inakwenda kilomita 40 kwa lita. Mtu mwenye kilomita 12,000 za mwaka akizigawa, 8,000 kwa Boxer na 4,000 kwa BMW, atatumia lita 200 na lita 500, jumla shilingi milioni 2 na laki moja. Ni pungufu ya IST peke yake kwa laki tisa. Akiba hiyo itachukua miaka kadhaa kurudisha bei ya pikipiki mpya, na BMW itameza sehemu yake. Hata hivyo gari likilala gereji, kazini anafika.

Mwenye watoto wa kupeleka shule hesabu hii haimhusu. Msimu wa masika utamfundisha mapema. Na hatari ni ya kweli: wodi za Taasisi ya Mifupa Muhimbili zinajua pikipiki kuliko sisi tunaozishabikia.

Kwa hiyo mwenye gari moja, familia, na mizunguko ya kila siku, namwambia achukue IST ya toleo la kwanza na asinisikilize tena. BMW namwachia anayetembea kidogo, mwenye fundi anayepima kwa mashine badala ya kubahatisha, na mwenye cha kupanda gari likiwa gereji. Huyo naye, kama cha kupanda ni Boxer, anunue helmeti nzuri na jaketi kabla hajaulizia bei ya rimu za inchi 18.