Mawazo mengi hayatibiwi kwa fulana na daftari

Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, iko Kampala. Kwa mkimbizi wa makazi ya Nakivale, kule Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, nauli pekee inatosha kumkatisha tamaa. Kwa hiyo mzigo wa kuwasaidia wagonjwa humwangukia VHT, mhudumu wa afya wa kijiji, jirani wa kujitolea anayejua kila nyumba.

Naamini anauweza. Mwaka 2002, katika utafiti uliohusisha vijiji 30 vya Masaka na Rakai, wenyeji wasio madaktari walifunzwa wiki mbili, kisha wakaongoza vikundi vya watu wenye sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, kwa wiki 16, dakika 90 kila wiki. Wanavikundi walipata nafuu kubwa kuliko wasiokuwa na kikundi. Tatizo ni kwamba habari hiyo njema husimuliwa bila masharti yake: wanawake peke yao, wanaume peke yao, na kiongozi mwenye mtu wa kumsimamia.

Siku ya kwanza ya kikundi VHT aseme wazi kwamba hakuna sabuni wala maharagwe yatakayogawiwa. Akinyamaza, wiki ya tatu mkeka utabaki mtupu. Watu wanane hadi kumi wanatosha. Msimu wa kupanda ukifika, wakutane jioni.

Neno sonona haliko vinywani mwa watu, basi asilitumie. Aulize: wiki hizi mbili unalala? Chakula kinapita? Mawazo ni mengi? Na mtoto asiwe mkalimani wa mama yake, hata kama ndiye pekee anayejua lugha zote mbili. Kuna maneno mama hatayasema mbele yake.

Swali la kujiua wengi huliruka, wakihofia kumtia mtu wazo hilo. Kuuliza hakumtii mtu wazo. Humpa nafasi ya kusema. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, dawa za shamba na kamba ziondolewe nyumbani, na afikishwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Sheria ya Uganda imehesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, ndiyo maana familia huficha. Siri hiyo iende kwa muuguzi, si kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji.

Anayesikia sauti zisizokuwepo, au anayeanguka kifafa, hatibiwi na kikundi. Huyo anahitaji dawa, na hapa ndipo rufaa nyingi hufia: mgonjwa analipa bodaboda, anakuta dawa zimekwisha au muuguzi mwenye mafunzo hayupo zamu. Harudi tena, na jirani zake wanaacha kumwamini VHT. Simu moja kabla ya safari ingezuia hayo, lakini salio analinunua nani?

Wapanga miradi huanza na kumgawia VHT fulana na daftari. Mimi ningeanza na salio la simu, nauli, na muuguzi wa kukaa na VHT saa mbili kila baada ya wiki mbili, asikilize aliyoyabeba. Tena vikundi viwili kwa VHT mmoja, visizidi.