Skii moja ya kila kitu, na kilo zangu tisa

Jamani hii stori naisimulia mwenyewe kabla shemeji hajawafikia, maana ye akiisimulia eti mi nilikaa kwenye theluji nalia namwita marehemu bibi yangu, kitu ambacho sio kweli kabisa. Nilimwita mara moja tu.

Iko hivi. Shemeji wangu, kaka wa mke wangu, anateleza kwenye theluji miaka na miaka, ana skii (zile mbao ndefu za kufunga miguuni) za zamani zimekwaruzika mpaka jina la kampuni halisomeki. Mi nilikuwa na misimu miwili ya skii za kukodi, leo unapewa fupi kesho unapewa ngumu kama mlango, nikasema imetosha, msimu huu nanunua zangu. Ila shida yangu mi napenda vyote. Asubuhi napenda zile pisti, yani njia za kutelezea zilizopitiwa na mashine usiku, theluji ina mistari mistari ka kichwa kimetoka kuchanwa. Mchana napenda paki, kule kwenye maboksi na reli na vilima vya kurukia (napenda kwa macho zaidi, lakini napenda). Na ikiwa imeanguka theluji mpya, ile pauda, laini ka unga, hapo ndo usiniambie kitu. Wanaojiweza wananunua pea tatu, kila kazi na skii yake. Mi nikataka pea moja ifanye zote tatu na isilalamike.

Nikasoma wiki nzima. Kitu cha kwanza unachokutana nacho ni kiuno, yani upana wa skii pale katikati chini ya buti, unapimwa kwa milimita. Za pisti zina kiuno chembamba, chini ya 80 hivi, maana ukitaka kukata kona kwenye theluji ngumu unailaza skii kwenye makali yake ya chuma, na nyembamba inalala haraka. Za pauda zinaanzia mia na kitu kwenda juu, maana kule unataka ikubebe juu juu usizame. Katikati hapo, 85 mpaka 100, ndo zile wanaita za mlima mzima, zinafanya kila kitu vizuri kiasi na hamna kitu zinachokifanya vizuri kupita zote. Nikachukua karatasi nikajumlisha 75 ya pisti na 90 ya paki na 110 ya pauda nikagawa kwa tatu nikapata 91 nukta 67. Hesabu imekubali, na mpaka leo nakiri lile ndo lilikuwa jibu, lingekuwa limeisha pale pale. Lakini nikaliangalia lile jibu nikaona halina mvuto, yani mtu wa 91 nukta 67 ni mtu gani huyo.

Usiku ule ule nikasoma habari za Shane McConkey, jamaa mtelezaji aliyewahi kufunga baindingi, yani vifungio vya buti, kwenye skii za majini, zile za kuvutwa na boti, akashuka nazo theluji ya Alaska, alafu kwenye 2002 huko zikatoka skii zinaitwa Volant Spatula alizozibuni yeye, pana, zimepinda kinyume na skii zote za enzi zile, na watu waliocheka baadae wakaziiga. Nikafunga kompyuta nikiwa nishaamua. Mi na McConkey damu moja.

Kesho yake dukani yule fundi, mtu mpole, akaniangalia juu mpaka chini akanitolea pea ya kiuno 92, urefu sentimita 178, kama inanifika kwenye paji la uso hivi. Akasema hizi zitakufaa. Zilikuwa za kijivu. Pembeni ukutani kulikuwa na pea ya 112, urefu 191, zimenizidi hata mimi, zimekunjwa juu mbele na nyuma, zina picha ya joka jekundu mdomo wazi.

"Zile."

"Zile ni za pauda hasa," fundi akasema.

"Shemeji," akadakia shemeji, "hilo joka litakutafuna."

Sikumjibu. Sasa sikilizeni akili yangu ilivyofanya kazi, maana mpaka leo najishangaa. Skii nishachukua za pauda, si ndio? Basi nikaona nizirekebishe zifae na kwingine. Za pisti zinatakiwa makali makali, nikamwambia fundi noa yawe wembe, kuanzia mbele mpaka nyuma, usiache hata kidole. Akaniambia ukienda paki makali hayo yatanasa, watu wa paki wanayapunguza, nikamwambia we noa. Alafu kwa ajili ya paki nikamwambia nifungie baindingi katikati kabisa ya skii, maana nimeona wale vijana wanaozunguka hewani na kutua kinyumenyume wanafunga hivyo, mbele na nyuma ziwe sawa. Fundi akaniuliza mara mbili. Skii imewekwa alama ya pa kufungia, iko nyuma kidogo ya katikati, na iko pale kwa sababu. Mi nikasema katikati. Yani kila dawa niliyompa mgonjwa mmoja ilikuwa sumu ya mwenzake, na mi nimesimama pale natabasamu ka daktari.

Ikabaki namba ya baindingi. Kwa msiojua, kile kifungio kinachoshika buti kazi yake kubwa sio kushika, ni kuachia, ukianguka vibaya kikuachie kabla mguu haujavunjika. Kinasetiwa kwa namba, wanaiita DIN, na namba inatafutwa kwenye jedwali kwa uzito wako, urefu, umri, urefu wa soli ya buti na we ni mtelezaji wa aina gani, wa kwanza ni wa taratibu, wa tatu ni wa mbio na miteremko mikali, wa pili yuko katikati yao. Ikiwa juu sana haiachii, ikiwa chini sana inakuachia we bado unaihitaji.

Fundi kashika kalamu. "Urefu?" 182, kweli kabisa. "Uzito?"

Shemeji alikuwa kasimama begani kwangu, namsikia anavyopumua. Huyu ndo mtu aliyenipachika jina la tenki la maji kwenye sherehe mbele ya ukoo mzima.

"Sabini na saba," nikasema.

Nina 86. Fundi akaandika. Shemeji kimya, ila kimya cha mtu anayeweka akiba.

"Mtelezaji wa aina gani?"

"Wa tatu."

Hapo shemeji alicheka mpaka akashika meza, akachuchumaa, akainuka, akamwambia fundi kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi, "Andika wa kwanza, mi nimemuona." Na fundi akaandika wa kwanza! Mi ningebisha lakini nikifikiria kubisha zaidi wanaweza kuleta mzani, nikanyamaza. Ukweli wangu ni wa pili. Kwahiyo kwenye jedwali nikashuka mstari kwa uongo wangu, nikashuka mwingine kwa mdomo wa shemeji, nikatoka pale baindingi zangu zimesetiwa za mtu mwingine kabisa, mtu mwembamba na mwoga.

Siku yenyewe asubuhi pisti ilikuwa imeganda, ngumu. Skii ya 112 kuitoa upande huu uilaze upande ule ni kama kumgeuza mgonjwa mzito kitandani, unamuanza saa hii analala baadae. Kona ya kwanza nikaianza vizuri tu, nikangoja, nikangoja, kona ikaja kufika mi nishapita. Makali kweli yalishika, siwezi kuyasingizia, yalishika vizuri mno, ila yalishika nikiwa nishaelekea kwenye wavu wa pembeni. Nikanasa ka dagaa. Shemeji akapita na skii zake zilizochakaa, kona fupi fupi, akanipungia.

Paki sina mengi. Nilichagua boksi dogo kuliko yote, lile la watoto, limelala chini kabisa. Boksi linataka skii zilale bapa, ukiinamia upande kidogo makali yanauma plastiki, na yangu yalikuwa wembe. Yaliuma. Skii zikasimama, mi nikaendelea. Kijana mmoja hivi wa miaka kumi akaja kuniokotea miwani akaniuliza kama naendelea vizuri na aliniita mzee.

Sasa pauda. Juu kule upande mmoja wa lifti ya viti kulikuwa na mteremko haujaguswa, theluji ya usiku inafika magotini, na jamani naomba haki itendeke, zile skii pale zilikuwa kwao. Nilipiga kona tatu. Tatu tu lakini nitazisema mpaka nizeeke, hakuna sauti, hakuna kishindo, unaelea tu, joka na mi ni kitu kimoja, nikamgeukia shemeji nikampigia kelele UNAONA?

Alikuwa anaona. Kufunga baindingi katikati maana yake pua ya skii mbele yako imefupishwa, na kwenye pauda pua ndo inatakiwa iwe ndefu ili ibaki juu. Mi pale kwa furaha nikaegemea mbele. Joka likainamisha kichwa likaingia chini ya theluji mdomo wazi vile vile, na ile baindingi ya mtu mwembamba ikasema tak. Moja tu. Nikaruka juu ya bega langu mwenyewe, nikabiringika, nikatulia mita kama nane chini nimevaa skii moja, na mdomoni theluji.

Ya pili haipo. Yani haipo kabisa, theluji imefunga juu yake iko laini tupu ka hamna kitu kilichopita.

Ukipoteza skii kwenye pauda ndo unajua theluji ni nyingi. Nikaanza kuchimba pale nilipolala mimi, kwa mikono, si ndo akili inavyokutuma, mimi niko hapa skii yangu itakuwa hapa. Shemeji akaja akanionyesha namna ya kuchana theluji kwa mkia wa skii iliyobaki, mistari ya kukatiza mteremko, taratibu, mpaka uguse kitu kigumu. Akachana miwili mitatu, alafu akakaa juu ya begi lake akaanza kutoa methali. Mchagua nazi hupata koroma. Akanyamaza kidogo. Mshika mbili moja humponyoka, tena we shemeji ulishika tatu.

"Saidia basi."

"Nasaidia, nakupa moyo."

Na juu yetu lifti inapita. Naomba muelewe, lifti ya viti ina mwendo wa pole kabisa, kila sekunde chache kiti kinapita na watu wanne, wote hawana kazi ya kufanya isipokuwa kuangalia chini. Kila kiti kina ushauri wake. Mmoja anasema chini zaidi, mwingine anasema karibu na miti, mwingine anapiga picha. Akapita yule kijana wa paki, kanitambua, akaninyooshea fimbo yake juu, juu. Nikaona ni salamu, nikampungia. Kumi na tano dakika baadae akapita tena, kashuka mlima mzima karudi, fimbo juu, juu. Nikampungia tena, nikamwambia shemeji mtoto ana adabu huyu. Mara ya tatu alikuwa anapunga mikono yote miwili anapiga kelele mpaka mwenzake anamshika asidondoke kwenye kiti, na mi bado nampungia.

Shemeji ndo aligundua. Akaacha methali, akamwangalia mtoto, akaniangalia mimi, akaangalia ule mteremko juu yangu. "Shemeji, we uliendelea kushuka. Skii yenyewe ilisimama."

Ilikuwa juu. Mita nane, pale pale nilipoachana nayo, kwenye kitu kama nusu mita ya theluji, joka limetazama chini limetulia. Nilikuwa nimechimba saa nzima na dakika arobaini, shimo la kutosha kuzikia ng'ombe, na hapo kwenye kuchimba ndo bibi alitajwa, mara moja.

Jioni tukarudi kwa fundi. Hakuuliza kitu, aliona wavu ulivyonichora shavuni akaelewa. Akakubali kunisogezea baindingi nyuma pale penye alama, akapunguza makali mbele na nyuma kidogo, akavuta ile fomu yangu akaweka kalamu pale kwenye uzito, akaniangalia kwa upole ule ule.

"Tuanze upya. Uzito?"

Shemeji kanisogelea begani.

"Themanini na sita," nikasema, kwa sauti ya msikitini.

Nilitegemea kicheko. Hakucheka. Alitoa simu, akapiga, akaweka sauti ya nje, ikaita mara mbili.

"Dada, samahani nakusumbua, eti mumeo ana kilo ngapi?"

Na mke wangu bila hata kufikiria, mama wa watu, kwa kunitetea kabisa:

"Sabini na saba. Kwani vipi?"